Wekeni onyo la paka kwenye chupa za mafuta ya karafuu

Barua ya wazi kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) na Idara ya Maendeleo ya Mifugo

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum.

Naandika kuomba jambo ambalo gharama yake ni wino. Kila chupa ya mafuta ya karafuu, mdalasini, mchaichai, mkaratusi na mengine ya namna hiyo inayouzwa katika visiwa hivi iandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi anazoweza kuzisoma mtu mzima bila miwani, kwamba mafuta haya ni sumu kwa paka: asipakwe, asinyweshwe, wala yasifukizwe katika chumba alichofungiwa. Mengi nitakayoyasema humu ni sababu za ombi hilo, pamoja na mambo mawili matatu ambayo naona hayatenganiki nalo.

Nimewaandikia nyote kwa pamoja kwa kuwa chupa hii inapita mikononi mwenu nyote. Inatoka kiwandani, inatakiwa ifikie viwango, inaingia dukani ikiwa nusu kipodozi nusu dawa, na ikishamdhuru mnyama anayeitwa ni mtu wa mifugo. Nachelea nikiiandikia ofisi moja peke yake, nitajibiwa kuwa jambo hili ni la ofisi nyingine.

Nimesomesha baiolojia katika skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na ninaishi Mji Mkongwe. Hapa kwetu paka hana bwana mmoja. Anayelala kwenye baraza ya huyu anakula kwa yule. Asubuhi yuko Darajani chini ya meza za wauza samaki, usiku yuko Forodhani miguuni mwa wageni. Watoto wanawapa majina, wazee wanawawekea maji. Tumelelewa na hadithi ya Abu Qatada, swahaba ambaye mke wa mwanawe alimtilia maji ya kutawadha, akaja paka, naye akakiinamisha chombo mpaka mnyama akanywa. Alipoona bibi yule anastaajabu, akamueleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani mwetu. Watu waliokulia katika mafundisho hayo hawamtilii paka sumu makusudi. Wanamtilia kwa huruma, kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Mtaani kwetu mama mmoja alikuwa na paka aliyejaa viroboto hata manyoya ya mgongoni yakaanza kupukutika. Akenda kwenye duka la viungo kuuliza dawa. Muuzaji akampa kichupa cha mafuta ya karafuu, akamwambia ni ya asili, hayana kemikali, apake kidogo shingoni na mgongoni. Akapaka. Jioni paka akaanza kutokwa na udenda. Baadaye akawa anayumba, miguu ya nyuma haimtii. Usiku akajificha chini ya kitanda, mwili wa baridi, anatetemeka. Nilipoitwa asubuhi harufu ya karafuu ilikuwa imejaa chumba kizima. Tulimkosha, tukampeleka kwa daktari, naye daktari alifanya aliloweza, lakini paka hakupona. Muuzaji simlaumu, alisema alichokuwa akikijua. Chupa niliishika mkononi nikaisoma pande zote: picha ya kikonyo cha karafuu, ujazo, na maneno kuwa ni asili tupu. Hapakuwa na zaidi.

Sasa niwaeleze kwa nini paka, maana mtu ana haki ya kuuliza iweje kitu tunachotia kwenye jino la mtoto kimuue mnyama.

Mwili ukiingiwa na kitu kigeni cha aina hii, ini hukifunga na asidi ya glukuroniki, ambayo ni jamaa ya sukari. Kikishafungwa huyeyuka kwenye maji kwa wepesi na kutoka na mkojo. Kazi ya kufunga hufanywa na vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina jeni lake la kukitengeneza. Kwa paka, mojawapo ya majeni hayo, liitwalo UGT1A6, limeharibika tangu enzi za mababu zake. Lipo, lakini halifanyi kazi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walilionesha hilo walipokuwa wakitafuta sababu ya paracetamol kuua paka, na mwaka 2011 ikaonekana kuwa kasoro ni hiyohiyo kwa simba na duma. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kuwa wanyama hawa wameishi kwa nyama tupu kwa muda mrefu mno, wasile mimea, na kwa hiyo hawakupata hasara walipopoteza silaha ya kupambana na sumu za mimea. Simba wa Serengeti na paka wa Darajani wana upungufu mmoja katika ini.

Mafuta ya karafuu, kwa asilimia kati ya 70 na 90 hivi, ni kitu kiitwacho eujenoli. Eujenoli ni ya jamii ya kemikali ziitwazo fenoli, na fenoli ndiyo hasa inayohitaji kufungwa na kimeng'enya asichokuwa nacho paka. Mafuta ya majani ya mdalasini nayo yamejaa eujenoli hiyohiyo. Mafuta ya zaatari yana timoli, fenoli nyingine. Dawa nyingi za kuchua zilizomo katika kila nyumba yenye mzee zina salisilati, ukoo mmoja na aspirini. Na aspirini ambayo kwa binadamu nusu yake hutoweka mwilini ndani ya saa chache, kwa paka huchukua zaidi ya siku nzima. Anayempaka paka anayechechemea dawa ya kuchua aliyojipaka mwenyewe magotini anamuongezea kidonda.

Halafu kuna ulimi. Mbwa ukimpaka kitu anajikung'uta akaenda zake. Paka anajiramba, unyoya kwa unyoya, mpaka awe safi, na chote ulichompaka mgongoni kinaishia tumboni. Ndiyo maana maneno "ni ya kupaka tu, si ya kunywa" hayana maana yoyote kwake. Na ndiyo maana naitia hofu hata mashine ya kutawanya harufu, ile inayotiwa maji na matone ya mafuta ikatoa moshi mwepesi. Ule si moshi. Ni matone madogo sana ya maji na mafuta, yanatua kwenye mito, kwenye mazulia na kwenye manyoya. Kwenye nyumba yenye madirisha wazi na paka anayetoka na kuingia atakavyo, hatari ni ndogo. Kwenye chumba cha kiyoyozi kilichofungwa, na paka kalala humo usiku kucha, ni kitu kingine. Mwenye pumu, na paka nao wanaugua pumu, ataanza kukohoa kabla ya wengine.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu naijua nchi yangu na najua karafuu ni nini kwetu. Karafuu kavu kwenye pilau haimdhuru paka anayepita jikoni. Kikombe cha chai ya mchaichai hakimdhuru. Kinachodhuru ni mafuta yaliyokolezwa. Mtu aliyefika kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Chake Chake, ameona magunia ya makonyo yanavyoingia kwenye mapipa ya mvuke na mafuta kidogo yanavyotoka upande wa pili. Harufu ya mti mzima imo ndani ya chupa moja, na nguvu yake yote imo humo pia. Kiwanda kile ni fahari ya Pemba na napenda kiendelee kukua. Fahari hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwamba onyo hili lilitakiwa lianzie kwetu, sisi tunaoijua karafuu kuliko watu wengine wote duniani, kabla ya kuletewa na wageni.

Kwa waliotangulia kuna funzo ambalo wasimamizi wa viwango mtalielewa haraka kuliko mimi. Mwaka 1996 Marekani iliweka orodha ya viuadudu vya "hatari ndogo" ambavyo havihitaji kusajiliwa na mamlaka yao ya mazingira. Mafuta ya karafuu yamo katika orodha ile. Ya mdalasini yamo, ya mchaichai yamo, ya nanaa yamo. Hoja ilikuwa ya kueleweka: ni vitu vya jikoni, vina ubaya gani? Soko likapata dawa za viroboto "za asili" zilizochanganywa na mafuta hayohayo. Kisha madaktari wa mifugo wakakusanya taarifa zilizofika kwenye kituo cha sumu za wanyama kati ya mwaka 2006 na 2008, wakazichapisha mwaka 2012: paka 39 na mbwa 9, na kati ya hao 48 wanyama 44 walionesha madhara. Hao ni wanyama ambao wenye kuwafuga walipiga simu kwa kuwa tayari waliingiwa na wasiwasi, kwa hiyo hesabu hiyo haisemi ni wangapi wanadhurika katika kila mia wanaopakwa, na mwalimu wa baiolojia asiyelisema hilo anadanganya. Lakini tazameni hili: wanyama 37 kati ya wale 48 walipakwa kama lebo ilivyoelekeza. Watu walisoma, wakafuata, na mnyama akaumwa. Lebo isiyosema kweli ilifanya kazi ya sumu.

Na mafuta ya tea tree, yatokanayo na mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia, nayo yamekwisha fika kwetu katika maduka ya vipodozi. Mwaka 1998 iliandikwa habari ya paka watatu wa Angora waliopakwa mafuta hayo yasiyochanganywa ili kuua viroboto, mmoja alikufa. Mwaka 2014 zikachapishwa kesi 443 za mbwa na paka waliopatwa na mafuta hayo kwa miaka 10, na karibu tisa katika kila kumi walikuwa wametiwa na wenyewe kwa kusudi, kwa nia ya kuwatibu. Nilipoisoma hesabu hiyo nilimkumbuka yule mama wa mtaani. Hakuwa mjinga na hayuko peke yake. Watu wa nchi zenye daktari wa wanyama kila kona wamefanya alilolifanya, kwa upendo uleule.

Najua nitaulizwa kama paka ni jambo la kuiandikia serikali barua. Nitajibu mara mbili. Kwanza, paka wa mji huu wana kazi: waondoeni Darajani na Malindi kwa mwezi mmoja, panya watawajibu nyinyi kabla yangu. Pili, chupa isiyo na onyo haichagui wa kumdhuru. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari ya mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mtoto alizirai, akapata degedege, ini likaharibika, na akapona kwa kuwa alikuwa hospitali kubwa. Vichupa vyetu vinakaa wapi majumbani? Kwenye kabati la kitanda, karibu na mkono wa mwenye jino linalouma, na karibu na mkono wa mjukuu. Onyo likiwekwa kwa ajili ya paka, mstari wa pili uwe wa watoto.

Nitaulizwa pia kama onyo halitaharibu biashara. Mafuta haya yakiingia katika soko la Ulaya huwekwa alama za hatari kwa mujibu wa sheria zao, kwamba yanadhuru macho na yanaleta mzio wa ngozi, na Wazungu hawajaacha kuyanunua. Mtalii anayenunua kichupa Mji Mkongwe anakipeleka kwake, na huko kwake pengine analala na paka kitanda kimoja. Akisoma onyo hatakirudisha dukani. Ataona amenunua kwa watu wanaokijua wanachokiuza.

Sasa niseme kwa kila mmoja wenu. ZBS, naomba kiwango cha mafuta ya mimea kidai onyo hilo kwenye lebo, na kidai pia kiasi cha mafuta halisi kitajwe, maana dukani nimeona chupa mbili za bei moja, moja nyepesi kama maji na nyingine ikiunguza ulimi. Daktari anayemtibu mnyama hawezi kukisia alichopewa. ZSTC, nyinyi ndio jina kubwa katika karafuu: mkianza nyinyi, wauzaji wadogo watafuata hata kabla ya sheria. ZFDA, muuzaji wa viungo anayemwambia mteja "hii dawa ya viroboto" anauza dawa ya mnyama, na aambiwe hivyo kwa upole mara ya kwanza. Wengi wao ni watu wema wanaorudia maneno ya waliowauzia kwa jumla.

Kwenu watu wa mifugo nina maneno mengi zaidi, kwa sababu onyo peke yake halimuondolei paka viroboto. Mtu akiambiwa usipake karafuu atauliza apake nini, na akikosa jibu atarudi kwenye karafuu. Au atafanya baya zaidi: atachukua dawa ya kupe ya mbwa yenye permetrini, au masalio ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Permetrini ambayo mbwa anaistahamili humuua paka kwa degedege, na hapa pia ini lake linahusika. Naomba pawe na dawa ya viroboto iliyothibitishwa kwa paka, kwa bei anayoiweza mama wa Kikwajuni au wa Wete, ipatikane katika vituo vyenu vya wilaya. Mpaka ifike, watu waambiwe kwamba kumkosha paka kwa maji vuguvugu na sabuni laini, kumchana kwa kitana chenye meno ya karibukaribu, na kufua anacholalia kwa maji ya moto kunapunguza viroboto wengi bila ya kumgharimu mtu roho ya mnyama.

Naomba pia mtoe maelekezo ya nini kifanyike ajali ikishatokea, yasomwe redioni na yabandikwe vituoni. Kwenye zile taarifa za mwaka 2012, nusu ya wanyama ambao mwisho wao ulijulikana walipona kwa kukoshwa tu. Kwa hiyo jambo la mwanzo ni sabuni ya maji ya kukoshea vyombo na maji vuguvugu, mara mbili au tatu mpaka harufu ipungue, kisha mnyama akaushwe vizuri na afunikwe kwa kitambaa, kwa sababu joto lake litakuwa linashuka. Mashine ya harufu izimwe, madirisha yafunguliwe. Asitapishwe kamwe. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni, na hapo tatizo moja linakuwa mawili. Asinyweshwe maziwa wala mafuta ya nazi kwa dhana ya kukata sumu. Apelekwe kwa daktari pamoja na chupa yenyewe, na asipewe Panadol hata robo ya kidonge, maana nyumba nyingi ndiyo dawa ya kwanza kuikumbuka na kwa paka nayo ni sumu inayoua. Dalili zinaweza kuchelewa mpaka siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo paka aliyepakwa mchana akaonekana mzima jioni asiachwe bila ya kutazamwa.

Jambo jengine ni la mahoteli na migahawa. Nimeona, zaidi ya pahala pamoja, wafanyakazi wakinyunyiza mafuta ya mkaratusi au ya malimau kwenye viti vya barazani na pembezoni mwa meza ili paka wasikaribie. Naelewa kwamba mgeni anayekula hataki kurukiwa. Lakini paka anayekanyaga mafuta yale atayaramba kutoka kwenye nyayo zake. Ziko njia za kumweka paka mbali na meza: mabaki yaondolewe haraka, na apewe pahala pake nyuma, mbali na wageni. Ofisi inayokagua usafi wa migahawa ingeweza kulisema hili katika ziara zake za kawaida bila ya kuongeza hata karatasi moja.

Sijagusia udi na ubani, na nimefanya hivyo kwa kusudi. Kufukiza nguo au chumba kwa chetezo, mlango ukiwa wazi, hakulingani na kumpaka mnyama mafuta yaliyokolezwa, na sitaki mtu achukue barua hii aende akawatishe kina mama juu ya chetezo zao. Paka akiwa anakohoa, atolewe chumbani wakati wa kufukiza.

Ninavyoandika, wachumaji wa msimu ujao bado hawajapanda mikarafuuni. Lebo za mafuta yatakayotokana na makonyo ya msimu huo hazijachapishwa, na huu ndio wakati ambapo kuongeza mstari mmoja hakumtii mtu hasara ya kutupa karatasi za zamani. Naomba mkutane, mkubaliane ni ofisi ipi italibeba jambo hili, na mtutangazie jina la ofisi hiyo na tarehe ambayo onyo litaanza kuonekana kwenye chupa. Mkihitaji maneno ya kuandika, nimekwisha kuyatoa mwanzoni mwa barua hii. Yachukueni kama yalivyo au yarekebisheni mnavyoona inafaa.

Wenu,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Mji Mkongwe, Unguja